Kupiga picha Fort Jesus: jibu kwa mwalimu aliyerudi na picha za shati lake

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia wa sekondari huko Voi. Mwezi ujao anawapeleka Mombasa wanafunzi 40 wa kidato cha pili, waione ngome ya Fort Jesus na makumbusho yake. Safari iliyopita alipiga picha zaidi ya 200 na karibu zote hazikumfaa: kwenye makabati ya vioo alijiona yeye na shati lake jeupe, mizinga ilitoka kama magogo meusi, kuta zikaungua kwa mwanga, na alipofika nyumbani hakukumbuka kipi ni kipi. Ana kamera ya kawaida yenye lenzi ya milimita 18–55 pamoja na simu. Anataka kujua afanye nini, aanzie wapi, na kipi hasa cha kupigwa.

Mwalimu, kamera yako inatosha. Usikope nyingine. Hizo kasoro nne ulizozitaja zina sababu nne tofauti, na tatu kati yake zinamalizwa kabla hujabonyeza kitufe. Ile ya nne, ya kutokumbuka kipi ni kipi, ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtu wa darasani, basi tuanze nayo.

Makumbusho ya vita hayapigwi picha kama harusi. Picha ya kifaa cha vita ina kazi ya kuthibitisha: hiki ni nini, ni cha nani, cha mwaka gani, kilitumikaje. Kwa hiyo kila kitu kipige kwa mpangilio mmoja usiobadilika. Kwanza kibao chake cha maelezo, kijae kwenye fremu, herufi zisomeke. Pili kitu kizima. Tatu sehemu yake moja inayoonyesha kazi, kama vile kitako cha mzinga au tundu la kuwashia. Nne alama yoyote iliyochongwa, kwa karibu. Kisha nenda kwa kingine, ukianza tena na kibao. Ukiwa nyumbani, kila picha iliyo kati ya vibao viwili inajieleza yenyewe. Kitu kisicho na kibao, piga kiganja chako mara moja mahali pa kibao, kisha andika kwenye daftari mstari mmoja: kiko wapi, kinaelekea wapi. Vitu 25 vilivyopigwa hivi ni picha 100, na hizo 100 zitakufundishia miaka.

Sasa mwanga, kwa sababu ndio uliounguza kuta zako.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini ya ikweta. Karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya utosi, na hata miezi mingine halilali sana. Kati ya saa nne na nusu na saa tisa mchana mwanga unadondoka kama maji ya bomba: unaparaza kuta kutoka juu, unaacha vivuli vyeusi chini ya kila tundu la mzinga, na kuta za chokaa zinageuka karatasi nyeupe. Hakuna mpangilio wa kamera unaoponya hilo. Dawa yake ni ratiba.

Ngome imekaa juu ya jabali la matumbawe, upande wa mashariki ukitazama bahari na mlango wa bandari ya kale, upande wa magharibi ukitazama nchi kavu. Asubuhi jua linapiga upande wa bahari, jioni linapiga upande wa bara, ule wenye handaki kavu. Milango ikifunguliwa asubuhi jua bado limeinama, kwa hiyo saa ya kwanza ipe kuta na maburuji (pembe kubwa za ngome) yanayotazama bahari. Saa nne na nusu ingieni ndani kwenye vyumba vya maonyesho, ambako jua halikuhusu. Saa tisa u nusu tokeni tena mkapige kuta za upande wa bara. Rangi yake ya udongo mwekundu na manjano huiva wakati huo kuliko wakati wowote. Basi la shule likitoka Voi alfajiri litafika asubuhi ishapevuka. Msilazimishe: geuzeni ratiba, muanzie ndani, upande wa bahari muuache kwa simu na picha za kumbukumbu tu.

Miezi nayo ina neno lake. Juni hadi Agosti jua la mchana hukaa kaskazini, kwa hiyo ukuta unaotazama kusini unabaki kivulini karibu siku nzima. Desemba na Januari ni kinyume chake. Wakati wa kaskazi anga huwa na ukungu mweupe wa joto, na upeo wa bahari haukatiki vizuri. Siku ya mawingu, ambayo wengi huilaani, ndiyo siku ya kupiga mizinga: mwanga umetandazwa sawasawa na chuma kinaonyesha mikunjo yake yote.

Hapo tumefika kwenye magogo meusi. Kamera haijui kwamba mzinga ni mweusi. Inapima mwanga wa fremu nzima na kutaka wastani wa kijivu. Ukimweka mzinga mweusi mbele ya ukuta mweupe wenye jua, kipimo kinavutwa na ukuta, kamera inapunguza mwanga, mzinga unazama. Ukiujaza mzinga kwenye fremu peke yake inatokea kinyume: kamera inadhani ni giza, inaongeza mwanga, chuma kinakuwa kijivu kama kimepakwa majivu. Tumia kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga, kile chenye alama ya jumlisha na toa. Mzinga mdogo mbele ya ukuta mweupe mkubwa: weka +0.7 hadi +1, na ukubali ukuta upauke kidogo. Mzinga umejaa fremu: weka −0.7. Ukuta peke yake kwenye jua: +0.3 hadi +0.7, maana bila hivyo chokaa kitatoka kijivu. Kwenye simu, gusa sehemu ya mzinga kwenye kioo cha simu, subiri kialama cha jua kitokee, kisha telezesha kidole juu au chini.

Simama wapi? Wengi husogea mpaka mdomo wa mzinga, wanafungua lenzi kwenye 18, na wanapata mdomo mkubwa kama pipa wenye kitako kidogo nyuma. Inachekesha, lakini mwanafunzi hawezi kupima chochote humo. Rudi nyuma mita 5 au 6, weka lenzi kati ya 35 na 55, chuchumaa mpaka kamera iwe sawa na zile nguzo mbili fupi za pembeni ambazo mzinga hulalia kwenye kigari chake, kisha piga kutoka ubavuni. Hiyo ndiyo picha ya kitabu. Baada yake piga ya pili ukiwa umesimama pembeni ya kitako, ukitazama kule mzinga unakotazama. Ukitaka mzinga wote uwe mkali kuanzia mdomo hadi kitako, weka kitundu cha lenzi f/11 kwenye 35 na ufokasi kitu kilicho mita 5 na nusu hivi kutoka kwako. Kila kitu kuanzia karibu mita 3 hadi upeoni kitashika. Mwombe mwanafunzi mmoja asimame kando ya gurudumu ili ukubwa uonekane. Asiupande. Zaidi ya kuwa ni marufuku, chuma cha saa saba mchana kinachoma.

Alama zilizochongwa ndizo zitakazokulipa. Mizinga ya zamani imepakwa rangi nyeusi tabaka juu ya tabaka kuzuia chumvi ya bahari, na rangi imejaza herufi. Ukizitazama moja kwa moja huoni kitu. Zinasomeka kwa mwanga wa kuparaza: tochi ya simu iliyolazwa karibu kabisa na chuma, kiasi cha nyuzi 10 hadi 15 tu kutoka juu ya uso wake, huku mwili wako ukikinga jua. Mwenzako ashike tochi na kuizungusha polepole, wewe upige kila inapohama. Kwenye pembe moja herufi zitainuka ghafla kama mshipa wa mkono. Omba ruhusa ya mlinzi kwanza, na akikataa basi. Usipake chaki, usimwage maji, usikwaruze kutu ili usome vizuri. Kutu iliyokwaruzwa inafungua chuma kibichi kwa hewa ya chumvi, na alama uliyoitafuta inazidi kuliwa.

Utaona nini? Kwenye mizinga ya chuma ya Kiingereza tafuta nembo ya mfalme au malkia juu ya mgongo: GR ni mmoja wa akina George, VR ni Victoria aliyetawala 1837 hadi 1901. Mshale mpana wenye mistari mitatu ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Kwenye ncha za zile nguzo mbili za pembeni mara nyingi kuna jina au herufi ya kiwanda. Carron ya Uskoti iliandika jina lake hapo, Finspång ya Uswidi iliweka herufi F. Karibu na kitako tafuta tarakimu tatu zilizotenganishwa, kwa mfano 23-1-14. Hizo si tarehe, ingawa ndivyo zinavyosomwa na wengi. Ni uzito. Ya kwanza huhesabu vipimo vya ratili 112, ya pili huhesabu robo zake za ratili 28, ya tatu ni ratili moja moja. Mfano huu ni ratili 2,576, ukaongeza 28, ukaongeza 14: jumla 2,618, yaani karibu kilo 1,188. Wape wanafunzi hesabu hiyo pale pale. Darasa litakuwa limepima mzinga bila mizani.

Na hapa kuna kosa linalojaa mitandaoni: kila mzinga wa Fort Jesus unaitwa wa Wareno. Ngome waliijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, msanifu kutoka Milano. Lakini walipigwa wakatoka Desemba 1698 baada ya kuzingirwa na Waomani tangu Machi 1696. Wakarudi 1728, wakafukuzwa tena 1729. Baada yao walikaa watawala wa Mazrui, kisha askari wa Seyyid Said tangu 1837. Januari 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga ngome kwa mabomu ili kumtoa al-Akida aliyekuwa amemwasi Sultani wa Unguja, na kuanzia 1895 hadi 1958 ikawa jela. Mzinga wenye VR mgongoni haukuwahi kumwona Mreno wa ngomeni hata siku moja. Ndiyo maana nasema alama kwanza, maelezo ya picha baadaye.

Mizinga miwili yahitaji muda wako zaidi ya yote, na si ya zamani sana. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani SMS Königsberg, mwingine wa manowari ya Kiingereza HMS Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914, mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Königsberg iliikuta Pegasus imetia nanga bandarini Unguja ikirekebishwa mitambo, ikaizamisha. Kisha Königsberg yenyewe ikajificha kwenye delta ya Rufiji hadi 11 Julai 1915, ilipopigwa na manowari mbili za Kiingereza zenye kina kifupi, Severn na Mersey, na mabaharia wake wakamaliza kazi kwa kuilipua wenyewe. Kila upande uliopua mizinga kutoka majini na kuikokota nchi kavu. Ile kumi ya Kijerumani, ya sentimita 10.5, ilitengenezewa magurudumu Dar es Salaam na kusafiri na jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, na waliokokota wengi wao walikuwa wapagazi. Mzinga mwingine wa Königsberg uko Pretoria, kwenye bustani ya Union Buildings, na wa tatu uko Jinja, Uganda. Kwa mwalimu wa Voi hili lina uzito wake, maana vita hivyo vilipita Taveta, Salaita na Mbuyuni, mlangoni pa wanafunzi wako.

Midomo ya mizinga hii miwili haitofautishiki kwa macho: mmoja ni milimita 105, mwingine inchi 4, yaani milimita 102. Usibahatishe kwa ukubwa. Piga kibao, piga ubavu, kisha kitako kwa karibu kutoka pande mbili, kwa sababu jinsi mzinga unavyofungwa nyuma ndiyo saini ya waliouunda. Krupp wa Ujerumani walipenda kabari ya chuma inayoteleza kutoka ubavuni. Piga pia ndani ya mdomo: weka kamera mbele ya tundu, washa tochi kando ya lenzi, fokasi mikunjo ya kwanza. Ile mifereji inayozunguka ndani ndiyo inayoizungusha risasi ya mzinga ili iende moja kwa moja, na mizinga laini ya karne za nyuma haina. Picha mbili kando kwa kando, tundu laini na tundu lenye mifereji, zinafundisha kuliko ukurasa mzima.

Kuta nazo ni silaha. Hili ndilo watu hulikosa wakarudi na picha za machweo. Ngome ina maburuji manne, yaani zile pembe kubwa zinazochomoza nje ya ukuta: San Felipe na San Alberto upande wa bara, San Matias na San Mateo kuelekea bahari. Zilichomozwa ili askari aliye kwenye ubavu wa buruji moja aweze kupiga sambamba na ukuta, amfagie adui aliyejibanza chini yake. Kwenye ngome ya mraba mtupu adui akishafika chini ya ukuta haonekani tena. Ili picha ilionyeshe hilo, panda hadi ubavu wa buruji, simama mahali pa mzinga, na upige ukuta kwa urefu wake kwa lenzi ya 50, f/11, ukuta ukishika nusu ya fremu na handaki likionekana chini. Kisha shuka ukapige picha ya pili kutoka pale adui angesimama, ukitazama juu kwenye tundu ulilotokea. Picha hizo mbili hazina uzuri wowote wa kuwekwa kwenye fremu. Zitundike ukutani darasani hivyo hivyo.

Njia ya matao iliyochongwa kwenye jabali la matumbawe kuelekea upande wa bahari ni ngumu kwa sababu ndani ni giza na mwisho wake ni jua. Ukipima giza, mlango unaungua. Ukipima mlango, matao yanapotea. Egemeza kamera kwenye mfuko wa mchele au sweta lililokunjwa, piga tatu bila kuisogeza: −2, 0, +2, kisha ziunganishe nyumbani. Simu ina hali ya HDR inayofanya hivyo yenyewe, mradi uishike kwa mikono miwili na ubane pumzi. Mbinu hiyo hiyo inafaa langoni. Juu ya lango kuna maandishi ya Kireno ya karne ya 17 yanayomtaja kapteni Francisco de Seixas de Cabreira. Yamechongwa kwa kina kifupi, basi yapige wakati jua linapopita ubavuni mwake, tena kwa lenzi ya 55 ukiwa mbali, yasije yakapinda.

Twende ndani, kwenye vioo.

Kioo hakiakisi kila kitu; kinaakisi chenye mwanga kuliko kilicho nyuma yake. Shati lako jeupe liliwaka kuliko kile kigae cha kaure, ndiyo maana likashinda. Siku hiyo vaa nguo nyeusi au buluu iliyokoza, na waambie wanafunzi watakaokusaidia wafanye vivyo hivyo. Sare nyeupe ziwe nyuma ya chumba. Kanzu nyeupe mbele ya kabati la kioo ni taa nyingine. Pili, sogeza lenzi hadi iguse kioo au ibaki sentimita moja, ukiwa umeifunga kofia ya mpira ya lenzi au umeizungushia kitambaa cheusi. Kinachogusa ni mpira na kitambaa, wala uzito wako usikiegemee kioo. Simu ndiyo bora hapa: lenzi yake ni ndogo, unailaza kioo kwa kioo na mwakisiko unakwisha kabisa. Tatu, pale usipoweza kugusa, usisimame uso kwa uso na kioo. Kaa upande, kisha mwambie mtu ashike kitambaa cheusi cha mita moja kwa mita moja upande wa pili ambako mwakisiko unatokea. Kanga nyeusi iliyokunjwa mara mbili inafanya kazi hiyo.

Utashawishiwa ununue polaraiza, yaani kichujio cha lenzi cha kupunguza mwakisiko. Inafanya kazi kwa vioo, lakini kwa pembe tu: kama nyuzi 55 kutoka mstari unaosimama wima juu ya kioo. Ukisimama uso kwa uso haisaidii chochote, na popote ulipo inakula mwanga wa hatua moja na nusu hadi mbili (kila hatua ni kupunguza mwanga kwa nusu), kitu usichokuwa nacho ndani ya chumba cha zamani. Nje, kwenye anga na rangi yenye kung'aa, ina faida. Ndani kitambaa cheusi kinaishinda.

Flashi izime, na uhakikishe imezimwa kwenye simu za wanafunzi pia. Kwenye kioo inazaa jua jeupe katikati ya picha, na kwa michoro na vitambaa mwanga mkali ni adui wa rangi. Badala yake pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga: 1600 kwanza, 3200 pakiwa na giza, kitundu cha lenzi wazi kabisa, kasi isiwe chini ya 1/60 ya sekunde. Piga tatu mfululizo, viwiko vimebanwa kwenye mbavu. Ya pili au ya tatu huwa kali kuliko ya kwanza, kwa kuwa kidole kimeshatulia. Chembechembe za ISO kubwa zinavumilika. Picha iliyotikisika haitibiki. Na ile rangi ya manjano ya picha za ndani hutokana na taa na dirisha kuchangia chumba kimoja: piga karatasi nyeupe mahali pa kitu, iweke kuwa kipimo cha weupe, au piga kwa faili ghafi za RAW ukarekebishe baadaye.

Kabatini tafuta kwa makusudi vitu vya Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, ikija kuwaokoa waliozingirwa, na ambayo wapiga mbizi waliichimbua chini ya bahari kuanzia 1977 hadi 1980. Vilivyomo kabatini na vita unavyovifundisha ni kitu kimoja. Vyombo vya kaure vyenye kung'aa vina doa jeupe la taa. Usihangaike kulifuta, hama kushoto au kulia mpaka likae mahali pasipo na mchoro. Kisha michoro ya mabaharia wa Kireno ukutani, ya makaa na udongo mwekundu: meli, samaki, watu. Ni hafifu. Iweke kamera sambamba kabisa na ukuta, f/5.6, ongeza +0.3, na usipandishe rangi sana kwenye kompyuta, maana mtazamaji atadhani ndivyo ilivyo.

Mambo ya mlangoni ni mafupi. Ada hutofautiana kwa raia, mkazi na mgeni, mtu mzima na mwanafunzi, na hupanda bila kengele, basi ulizia Makumbusho ya Taifa ya Kenya wiki moja kabla, uende na barua ya shule, kitambulisho na simu yenye salio la kulipia. Picha za kawaida za mkononi hazina shida, ila stendi ya miguu mitatu, taa za ziada na upigaji wa biashara vinahitaji kibali cha maandishi. Droni iache Voi: kuirusha kunahitaji leseni ya mamlaka ya anga, na Ikulu ya Mombasa haiko mbali. Ukiwa juu ya maburuji usielekeze lenzi kwa askari walio kazini. Ukitoka kwenda Mji wa Kale, mtu aombwe kabla ya kupigwa, hasa akina mama mabarazani. "Shikamoo" na dakika mbili za maongezi vitakufungulia kuliko lenzi ndefu. Nyuso za wanafunzi zisiende mtandaoni bila idhini ya wazazi.

Wanafunzi 40 hawaenei kwenye buruji moja. Wagawe makundi matano ya wanane, kila kundi simu moja, daftari moja na kazi moja: lango na maandishi, kuta na maburuji, mizinga ya zamani, mizinga miwili ya 1914, makabati. Mwenye daftari ndiye bosi wa kundi, mpiga picha anamfuata yeye. Wabadilishane kila nusu saa.

Jambo la mwisho ni hewa ya Mombasa. Kamera iliyolala kwenye chumba au basi lenye kiyoyozi ikitolewa nje ghafla, lenzi inatoka jasho kama chupa ya soda, na ukiifuta inatoka tena. Iache ndani ya mkoba uliofungwa dakika 20 hadi 30 ipate joto taratibu. Upande wa bahari upepo wa kusi huleta chumvi: puliza kwanza kwa pampu ya mpira, ndipo ufute, maana ukifuta chembe za chumvi kavu unazikwaruzia kioo. Jioni hiyo hiyo, kabla ya kulala, hamisha picha kwenye kompyuta na nakala moja kwenye diski ya nje, zipe namba kwa mpangilio wa vibao, kitu kimoja folda moja, na umwite kila mwenye daftari aketi kando yako asome mistari yake huku wewe ukiandika.